Siku Kabla ya Siku Zangu: Mafunzo Niliyopata Chuoni

Wasichana wa chuo siku hizi wananiuliza mambo ambayo sisi hatukuthubutu kuwauliza hata dada zetu. Mimi nafundisha takwimu, si daktari, lakini ofisini kwangu kuna kiti cha pili na chupa ya chai, basi wanakuja. “Mwalimu, ile wiki kabla ya hedhi inaniharibia kila kitu. Nalia bila sababu, matiti yanauma, nagombana na wenzangu chumbani, nasoma ukurasa mmoja mara tano na hauingii. Damu ikianza, baada ya siku mbili tatu narudi kuwa mtu.”

Nawaelewa kuliko wanavyodhani. Nilianza shahada ya kwanza Dar es Salaam mwaka 2005, na miaka yote mitatu nilikuwa mjuaji wa kila kitu isipokuwa mwili wangu. Haya ndiyo niliyojifunza, mengine baada ya kumaliza chuo. Sikuyapanga kwa uzito.

1. Andika kwanza, laumu baadaye

Mwaka wa pili nilikuwa na nadharia kamili: kila siku yangu mbaya ilisababishwa na hedhi inayokuja. Nikichelewa semina, hedhi. Nikimjibu mtu vibaya kwenye foleni ya chakula, hedhi. Mwenzangu wa chumbani aliyekuwa akisomea uuguzi alichoka kunisikiliza, akanipa daftari dogo. “Andika kila usiku. Umelalaje, hasira, tumbo, matiti, umekula nini. Fanya hivyo miezi miwili, halafu tutaongea.”

Niliona haya. Mwanafunzi wa takwimu anafundishwa na mtu wa uuguzi namna ya kukusanya data! Lakini nikaandika.

Yaliyotoka humo sikuyategemea. Siku zangu mbaya zilikuwa mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikaa palepale nilipodhani: siku chache kabla ya damu, likaondoka damu ilipoanza. Fungu la pili halikuwa na uhusiano wowote na hedhi. Lilikuwa zile wiki za mwisho kabla bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, halijaingia. Nilikuwa na njaa, basi. Mtu akishinda na mihogo ya kukaanga na chai ya rangi atakuwa na hasira hata akiwa mwanamume, na kwa kweli wavulana wa darasa letu walikuwa hivyohivyo wiki hizo. Ila wao hakuna aliyewaambia ni homoni.

Baadaye nikajua kuwa madaktari makini nao hufanya kama yule mwenzangu: hawaridhiki na yaliyo kichwani tu, wanataka kumbukumbu ya kila siku iliyoandikwa kwa angalau mizunguko miwili. Wanachotafuta ni mpangilio. Dalili zije ndani ya siku kama tano kabla ya hedhi, zikome ndani ya siku nne tangu damu ianze, zijirudie mwezi baada ya mwezi, na ziwe zinavuruga maisha yako kweli. Anayejisikia vibaya mwezi mzima ana tatizo jingine, na haitamsaidia kulibandika jina la hedhi.

Jambo moja la hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Muda kati ya yai kupevuka na hedhi kuanza ni takriban siku 14 kwa wanawake wengi. Kinachotofautiana sana kati ya mtu na mtu ni ule muda wa kabla ya hapo. Kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 35 asihesabu kama rafiki yake wa siku 28. Aanzie hedhi anayoitegemea na kuhesabu kurudi nyuma. Siku hizi kuna programu za simu zinazokufanyia hayo. Mimi bado nalipenda daftari, halina matangazo.

2. Barua isubiri Jumatatu

Mwaka uleule niliandika barua ya kuomba kuahirisha masomo. Niliiandika saa nane za usiku, kwa mkono, nikatia na “kwa masikitiko makubwa” mara mbili. Asubuhi nikaipeleka idarani. Katibu muhtasi alikuwa mama mtu mzima, ameona wanafunzi wa kila namna. Akaisoma mbele yangu, jambo ambalo halikumhusu, kisha akaitia kwenye droo.

“Mwanangu, mkuu wa idara hayupo mpaka Jumatatu. Ukija Jumatatu ukaniambia niipeleke, nitaipeleka.”

Mkuu wa idara alikuwepo. Nilimsikia akikohoa nyuma ya mlango.

Jumamosi damu ikaanza. Jumatatu nilikuwa pale kabla ofisi haijafunguliwa, nikatoa shikamoo ya adabu kupita kiasi. Mama akanipa barua yangu bila kusema neno.

Watu wengi wakifika hapa watakuambia: usiyaamini mawazo ya siku zile. Nami nilifika hapo nikatulia, nikawa kila mwezi najitukana kwa upumbavu wangu kisha naendelea. Lakini yaliyoandikwa kwenye barua yalikuwa kweli. Niliandika kwamba silali, na kweli sikuwa nalala, maana chumba cha watu wanne tulikuwa tunabebana, kila kitanda wawili, na daima kuna mmoja anayesoma na taa mpaka alfajiri. Niliandika kwamba somo la ekonometriki silielewi na naogopa kuuliza. Hilo nalo kweli. Mwezi uliofuata malalamiko yaleyale yakarudi, na uliofuata vilevile. Siku nyingine za mwezi nilikuwa nayameza na kutabasamu. Wiki ile moja, koo lilikuwa linakataa kumeza.

Tangu hapo nimekuwa nikitenganisha mambo mawili. Uamuzi nauahirisha, malalamiko nayaandika. Damu ikishakoma nayasoma tena nikiwa na akili tulivu, nione lipi bado lina uzito. Suala la usingizi lilibaki na uzito wake, nikahamia chumba cha kupanga Sinza na wenzangu wawili. Nauli ya daladala iliniuma, lakini nililala. Ekonometriki nikamfuata mkufunzi msaidizi, akanieleza kwa muda mfupi kitu nilichokililia muhula mzima. Malalamiko kwamba mchumba wangu anatafuna kwa sauti yalijifuta yenyewe, ingawa kufikia hapo nilikuwa nimeshamwacha kwa ujumbe wa simu, nikamrudia, nikamwacha tena. Vocha nilizotumia kwa ajili ya mtafuno wa mtu zingeninunulia kitabu.

3. Vipimo vikiwa sawa, haimaanishi unaigiza

Bumu moja la mwaka wa tatu lilikwenda maabara. Nilipima homoni, nikijua majibu yatatoka na alama nyekundu niwaonyeshe watu. Yakatoka kila kitu sawa. Nililia kwenye daladala mpaka konda akanisamehe nauli.

Laiti mtu angenieleza mapema kwamba majibu hayo ndiyo ya kutegemewa. Mwaka 1931 daktari wa Marekani, Robert Frank, aliandika kuhusu mateso haya na kuyahusisha na homoni iliyozidi mwilini. Mwaka 1953 Katharina Dalton na Raymond Greene wa Uingereza wakayapa jina linalotumika hadi leo, na Dalton aliamini miaka mingi kuwa wagonjwa wamepungukiwa projesteroni. Majaribio ya baadaye hayakuonyesha kwamba kuwaongezea projesteroni kunashinda dawa isiyo na kitu ndani.

Ndipo mwaka 1998 watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani wakafanya jambo ambalo kwangu mimi ni jaribio zuri kupita mengi. Waliwachukua wanawake wenye matatizo haya na wengine wasio nayo, wakaizima mizunguko yao kwa dawa. Wengi wa wenye matatizo wakapata nafuu. Kisha wakawarudishia homoni, viwango vya kawaida tu. Wale waliokuwa wakiteseka wakaanza kuteseka tena. Wale wengine hawakuhisi kitu. Homoni zilezile, kiasi kilekile. Tofauti haikuwa kwenye damu, ilikuwa kwenye ubongo unaozipokea.

Kwa hiyo usitumie ada yako kupima homoni kwa ajili ya hili peke yake. Daktari anaweza kutaka kupima wekundu wa damu au tezi ya shingo, kwa kuwa upungufu wa damu na matatizo ya tezi huleta uchovu na hasira zinazofanana na hizi. Hivyo vipimo vina kazi.

4. Tumbo lina mambo yake

Kwetu maumivu yote ya chini ya kitovu yaliitwa chango, na bibi alikuwa na mizizi yake ya kuchemsha. Kwa hiyo nilikuwa nachanganya: hasira ya wiki moja kabla na msokoto wa siku ya kwanza ya damu niliviweka kwenye kapu moja, nikavimezea kidonge kimoja. Mara moja nilimeza diklofenaki asubuhi ya testi bila kula kitu. Nilitapika nje ya ukumbi, kwenye maua, mbele ya darasa zima.

Msokoto unatokana na prostaglandini, kemikali zinazotolewa na ukuta wa mfuko wa uzazi na kuufanya ujikamue. Dawa za jamii ya ibuprofeni hupunguza kemikali hizo, ndiyo maana hufanya kazi vizuri zikianzwa mapema, maumivu yanapoanza kunyemelea, kuliko ukisubiri mpaka umejikunja. Kula kwanza. Mwenye vidonda vya tumbo au pumu aulize kabla ya kumeza. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga nayo inasaidia kweli, hilo bibi zetu hawakukosea. Lakini maumivu yanayokuzimisha, au yanayoongezeka mwaka hadi mwaka, si ya kuvumilia. Yanaweza kuwa dalili ya endometriosi, na huo ni ugonjwa unaohitaji daktari wa wanawake.

5. Heshima kwa dagaa

Tulikuwa na mwenzetu wa Mwanza aliyerudi kila likizo na ndoo ya dagaa. Tulimlalamikia harufu mpaka akawa anaikaangia nyuma ya bweni. Naomba nimwombe radhi hapa, kwa sababu mwaka huohuo wa 1998 kulichapishwa jaribio la Marekani ambamo wanawake zaidi ya 400 walipewa ama miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku ama kidonge kisicho na kitu. Kufikia mzunguko wa tatu, waliopewa kalsiamu dalili zao zilikuwa zimepungua kwa karibu nusu. Na dagaa huliwa pamoja na mifupa yake. Mtindi, maziwa, mboga za majani: vyote vinaingia kwenye bajeti ya bumu kwa urahisi kuliko vidonge vya duka la dawa.

Kama mtu wa takwimu, hata hivyo, macho yangu yalikwenda kwa kundi la pili. Waliomeza kidonge kisicho na kitu nao walipata nafuu, dalili zikapungua kwa asilimia 30 hivi. Kwa hiyo simcheki tena mtu na chai yake ya tangawizi. Namcheka tu anayemuuzia kwa bei ya laptopu.

Kutembea kwa miguu jioni kulinisaidia pia. Kahawa ya usiku ilinimaliza, si kwa sababu ya hedhi bali kwa sababu sikulala.

6. Usilifanye neno hedhi kuwa rungu, wala kuwa mwavuli

Tulikuwa na kazi ya kikundi, na mwenyekiti wetu alikuwa msichana mchapakazi sana. Wavulana wawili hawakuandika hata mstari. Siku ya kukusanya akawawakia, akasema anafuta majina yao. Mmoja akajibu, “Leo yuko kwenye siku zake huyu.” Kikundi kizima kikacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti, ili nionekane naelewa utani. Majina yao hayakufutwa na wakapata alama sawa na sisi. Si muda mrefu baadaye ikawa zamu yangu kulalamika na kuchekwa, na sikuwa na pa kushtaki.

Hilo la rungu. La mwavuli linanitia aibu zaidi. Nilichelewesha kazi ya mhadhiri mmoja kwa sababu ya sendofu ya binamu yangu; nilicheza mpaka viatu vikakatika. Nilipoulizwa nikainamisha kichwa, nikasema nilikuwa kwenye siku zangu. Maskini, mzee wa watu hakujua aangalie wapi, akaniongezea muda harakaharaka ili niondoke ofisini. Nikashangilia njia nzima. Muhula huohuo msichana mwingine, ambaye maumivu yake tuliyajua bweni zima, alikwenda kwa mhadhiri yuleyule na akaambiwa, “Nyinyi wote mnasema hivyohivyo.”

Wenzako chumbani ndio wa kuwaambia wazi, na mapema, ukiwa umetulia. Mimi nilikuja kusema hivi: wiki ijayo nitakuwa mgumu kidogo, msinipangie zamu ya kupatanisha watu. Walielewa. Mmoja akasema alishajua siku nyingi.

7. Mtihani hauna habari

Zambia ina sheria inayompa mfanyakazi wa kike siku moja ya mapumziko kila mwezi bila kudaiwa cheti cha daktari, na wenyewe wanaiita Siku ya Mama. Japani iliandika likizo ya hedhi kwenye sheria ya kazi mwaka 1947. UE, ule mtihani wa chuo, haijui lolote kati ya hayo. Ratiba ikibandikwa imebandikwa.

Nilichofanya mwaka wa mwisho ni kuchukua ratiba na daftari langu, nikaviweka pamoja mezani. Mitihani miwili iliangukia siku mbaya. Mada nzito za mitihani hiyo nikazisoma mapema, siku zile mbaya nikaziachia pasti pepa na kukariri fomula, kazi isiyotaka roho. Nikaenda zahanati ya chuo kabla ya mitihani kuanza, nikamweleza mganga hali yangu ikaandikwa. Anayekwenda zahanati baada ya mtihani huonekana anatafuta cheti cha kukwepa sapu, yaani mtihani wa marudio, na kusema kweli mara nyingi ndivyo ilivyo.

Mtihani wa kwanza kati ya ile miwili nilitoka nikiwa na hakika nimedisko, yaani nimeondolewa chuo kwa kufeli. Nilifungasha hadi ndoo. Matokeo yalipotoka, ulikuwa miongoni mwa alama zangu nzuri. Nilidhani ni bahati mpaka nilipoanza kusoma tafiti: Dalton alidai hedhi inashusha matokeo ya wasichana wa shule, lakini waliowapima wanafunzi wa vyuo baada yake hawakukuta tofauti ya kutegemewa. Unajiona mzito, karatasi haioni hivyo. Wewe uliyefika chuo kikuu umeshafanya mitihani mingi ukiwa katika siku hizo na ukafaulu, ila hukuwa na daftari la kukuonyesha.

8. Yule tuliyemchukulia kuwa mkorofi

Hili nimeombwa na mwenyewe niliandike, bila jina.

Tulikuwa naye chumba kimoja. Wiki tatu za mwezi alikuwa mcheshi kuliko sote. Wiki moja alikuwa anajifungia ndani ya chandarua, hali, hasemi, na ukimgusa analipuka. Tuliijua wiki yake kama tunavyoijua ratiba ya maji. Tulimtania. Baadhi ya wenzetu walisema ana jini, wakampeleka akaombewe, akarudi ametulia, na sote tukashangilia maombi. Damu ilikuwa imeanza asubuhi ile. Usiku mmoja aliniambia hataki kuwepo tena duniani, na mimi, na elimu yangu yote, nikamwambia, “Itapita, si unajua ni zile siku zako?” Nilidhani namfariji.

Alichokuwa nacho si maudhi ya kawaida kabla ya hedhi. Ni hali kali zaidi, inayowapata wanawake wachache, chini ya mmoja kati ya kumi, ambayo huleta huzuni nzito, hasira isiyozuilika na hata mawazo ya kujiua, kisha ikaondoka hedhi ikianza. Ilipewa nafasi yake kamili kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 2013, miaka kadhaa baada ya sisi kuhitimu. Yeye aliipatia jina ukubwani, alipokutana na daktari wa akili aliyemuuliza tarehe badala ya kumuuliza ana matatizo gani na mume wake. Alianzishiwa dawa ya jamii ya fluoksetini. Dawa hizo mwenye sonona huzimeza kwa wiki kadhaa kabla ya kuona tofauti. Kwa hali hii huanza kusaidia ndani ya siku chache, na wengine huzitumia nusu ya pili ya mzunguko tu. Yeye ni mhasibu sasa, na ananichekesha mwezi mzima.

Ukienda kwa daktari usianze na “nina hasira”. Fungua daftari, mwonyeshe tarehe: ilianza hapa, ikaisha hapa, mwezi uliofuata hivyohivyo, na mambo haya nilishindwa kuyafanya. Akikuambia ukizaa itaisha, mshukuru, utafute mwingine.

Na kama wazo la kutotaka kuishi limeshakujia, achana na miezi miwili ya kuandika. Nenda hospitali leo, tena na mtu. Mwenzetu yule hakuwa na wa kumsindikiza, ingawa chumbani tulijaa mpaka tunabebana, na zahanati tulikuwa tunapita mbele yake kila siku tukienda kula.